Mto Uliotulia Mno

Dada yangu hajui kuogelea, samaki hali, na kwa miaka ishirini na miwili yeye ndiye aliyekuwa akiwachagulia wanaume wa mtaa wetu mto wa kwenda kuvua. Ukitaka kucheka, cheka. Mimi nilicheka sana zamani. Siku hizi sicheki tena, na naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana nina ubaya wangu humu ndani.

Dada ni karani wa ofisi ya maji. Chumba chake kina dirisha moja, kabati mbili za chuma zilizojaa michoro ya mito, ambazo milango yake haifungi mpaka uisukume kwa goti, simu ya mezani yenye waya uliojisokota, na daftari kubwa la mito ambalo hulibeba kwa mikono miwili. Kuna mito minne katika eneo letu, na katika kila mmoja ofisi imesimika ubao uliopigwa mistari ya rangi, sentimita kwa sentimita. Kila ubao una msomaji wake anayeishi karibu. Asubuhi msomaji anateremka, anatazama maji yamefika mstari gani, halafu saa mbili anapiga simu: "Mita moja na arobaini na mbili." Dada anarudia kwa sauti, anaandika kwa penseli, anarudia tena. Hiyo ndiyo kazi yake tangu alipoajiriwa.

Mito yenyewe hajawahi kuiona. Anaogopa maji tangu utotoni. Hata beseni la kufulia likijaa sana analitazama kwa jicho baya. Lakini kwa tarakimu tu anaijua kama mtu anavyowajua majirani zake. Atakwambia, "Yule wa Daraja leo kanuna," au, "Huyu wa Mawe mjeuri, anapanda bila kubisha hodi." Wavuvi wakamgundua. Kila Alhamisi mmoja wao alikuwa akipita ofisini kuuliza, mama, Jumamosi twende mto gani? Naye alikuwa akivaa miwani, akifungua daftari, akiwaambia. Maji yakipanda, kaeni nyumbani, samaki haoni chambo nanyi hamwoni pa kukanyaga. Yakishuka taratibu siku tatu mfululizo, nendeni na kapu kubwa. Wakamwita Mama Mito, na jina hilo alilipenda kuliko hata la kwake, ingawa angekukatalia.

Mume wangu alikuwa mmoja wao. Yeye ni fundi wa friji, mtu wa kuinama nyuma ya mashine za watu wiki nzima, na kuvua ndiyo starehe yake pekee. Hanywi, hachezi karata. Anakwenda na rafiki yake Kinyozi kwa pikipiki ya Kinyozi, fimbo mbili za kuvulia zimefungwa ubavuni, kopo la minyoo, na simu yake anaiacha juu ya kabati ili wateja wasimfuate mpaka mtoni. Kwa kuwa ofisi ya Dada iko njiani kwangu nikitoka sokoni, mara nyingi mimi ndiye niliyetumwa kuuliza.

Alhamisi ile nilikwenda na haraka zangu. Jumamosi saa tisa mwenye nyumba mmoja alikuwa atuonyeshe nyumba ya kupanga, yenye vyumba vitatu na bomba ndani, na alishanionya kwamba tukichelewa dakika tano anampa mwingine. Nilikuwa nimechoka kuishi chumba ambacho ukifungua mlango unagonga kitanda. Mume wangu akienda Mto wa Daraja harudi kabla ya magharibi. Akienda Mto wa Mawe, saa saba yuko nyumbani.

Dada akapitisha kidole kwenye daftari. "Daraja. Unashuka vizuri. Waende Daraja."

"Na Mawe je?"

Akakunja uso. "Mawe siuelewi. Tazama. Jumanne arobaini na mbili, Jumatano arobaini na mbili, leo arobaini na mbili. Umetulia mno."

"Wacha wee! Mto ukichafuka kosa, ukitulia kosa! Unataka nini sasa?"

"Mto haukai hivi, mdogo wangu. Hata ukiwa umelala, unageuka ubavu."

Basi nikaanza. Mimi nikitaka kitu huwa kama nzi kwenye kidonda, mama yetu alikuwa akisema hivyo na hakukosea. Nikamwambia yeye ana nyumba yake ya vyumba vinne, anajua nini shida za wenzake. Nikamwambia anapenda tu kuombwaombwa. Maneno mabaya, nayakumbuka yote. Mwishowe akakubali shingo upande. "Haya. Mawe. Lakini wasivuke kwenda kwenye kile kisiwa cha mchanga katikati ya mto. Unanisikia? Wavue ukingoni. Waambie nimesema wasivuke."

Nikasema nimesikia. Nikaenda nyumbani nikamwambia mume wangu: Dada kasema Mawe, umetulia tuli. La kutovuka sikulisema. Sikusahau, nisikudanganye. Nililijua kabisa lilipokuwa limekaa ulimini. Samaki wazuri wa Mawe huvuliwa kutoka kwenye ule mchanga. Ningemwambia asivuke, angesema basi bora Daraja, na nyumba yangu ya vyumba vitatu ingekwenda na maji. Nikameza.

Jumamosi waliondoka kabla jua halijatoka. Mimi nikaamka nikafagia, nikatoa gauni la kwenda kuonea nyumba, nikalipiga pasi. Saa mbili na robo mlango ukafunguliwa bila hodi. Alikuwa Dada. Alikuwa amekimbia kutoka ofisini, viatu mkononi, kitambaa cha kichwa kimemwangukia shingoni, na midomo imekauka nyeupe.

"Wamekwenda?"

"Wamekwenda. Kuna nini?"

"Mungu wangu. Mungu wangu."

Akaniambia akiwa amesimama palepale mlangoni. Msomaji wa Mto wa Mawe ni mzee anayeishi juu kabisa, karibu na milima. Tangu Jumanne aliyekuwa akipiga simu ni mke wake. Kila siku: mzee yuko shughulini, kaniambia nikwambie mita moja arobaini na mbili. Asubuhi hiyo tena, arobaini na mbili. Siku tano. Dada akashindwa kuandika. Akamwambia, "Mama, naomba umpe mzee simu." Bibi akaanza kulia. Mzee yuko kitandani tangu Jumanne, mguu umevimba hauwezi kukanyaga. Yeye mwenyewe magoti hayamruhusu kuteremka ule mteremko. Akaogopa wakijua watampa mtu mwingine kazi, basi kila asubuhi akawa anasoma tarakimu ya mwisho aliyoiandika mzee kwenye kidaftari chake.

"Nikamwambia, mama, toka nje, unauona mto?" Dada alikuwa anapumua kwa taabu. "Akasema, siuoni mwanangu, ila nausikia. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu alfajiri. Unanguruma."

Nikakaa juu ya gauni lililopigwa pasi.

"Kutoka kwa mzee mpaka kwenye ule mchanga maji yanatembea kiasi cha saa tano," Dada akasema. "Yatafika saa nne. Inuka."

Simu ya mume wangu ilikuwa juu ya kabati, inanitazama. Ya Kinyozi haikupatikana. Kule mtandao hakuna. Nikatoka nje nikapiga kelele kama mwizi kaingia. Jirani yetu muuza mikate alikuwa ndiyo kwanza anamaliza mzunguko wake wa asubuhi, gari bado lina kreti tupu nyuma. Hakuuliza maswali mawili. Tulijibana watatu mbele, na lile gari likaondoka kreti zikigongana nyuma yetu.

Ni mwendo wa saa moja na nusu, barabara ya vumbi nusu yake. Mbingu ilikuwa nyeupe, hata tone la mvua hakuna, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwamba kitu kinakuja na huku juu hakuna dalili yoyote. Nilikuwa na hofu, na mimi nikiogopa huwa natukana. Nikamgeukia Dada. Nikamwambia kazi gani hiyo anayofanya, miaka ishirini na miwili anaandika anachoambiwa kama kasuku. Nikamwambia mume wangu akifa yeye ndiye atakayekuja kuniambia nilale na nani. Jirani akakohoa, akakaza macho barabarani. Dada alishika saa yake ya mkononi kwa mkono mwingine, kama mtu anayemzuia mtoto asikimbie.

Mwishowe akauliza, taratibu, "Uliwaambia wasivuke?"

Nikafuta vumbi kwenye kioo cha dirisha.

"Niliwaambia," nikasema.

Akashusha pumzi ndefu, akafumba macho. "Ahsante Mungu. Basi watakuwa ukingoni. Wakiona maji yanabadilika rangi watapanda juu." Na akanipigapiga goti, ananituliza mimi. Nikatazama nje ya dirisha. Nilijua walipo. Tangu hapo kila kilometa ilinipita nikiwa najua, na mwenzangu ametulia pembeni kwa sababu ya uongo wangu.

Tuliusikia mto kabla hatujauona. Jirani aliliegesha gari juu ya ukingo, tukateremka tukikimbia, na nikawaona. Walikuwa katikati kabisa, kwenye mchanga, migongo kwetu, fimbo zimesimama. Asubuhi walivuka maji yakiwa ya magotini. Sasa kati yetu na wao maji yalikuwa mekundu, mazito, yanabeba majani na vijiti, na mchanga wenyewe ulikuwa umebaki mkanda mrefu wenye upana wa sebule.

Dada alinitazama. Mara moja tu. Halafu akaanza kuita.

Tuliita mpaka koo zikachanika. Maji yalikuwa yanapiga mawe kwa kelele, hawakusikia. Jirani akarudi mbio garini akashikilia honi. Kinyozi akageuka. Nikamwona anamshika mume wangu bega. Na yule mwanamume, jamani, yule mwanamume niliyeolewa naye, akainama kukusanya ndoano!

"Acha! Acha hizo takataka! Njoo!" Sauti ilinitoka sijui wapi.

Wakaacha. Wakaja mpaka ukingo wa mchanga, mahali palepale walipovukia asubuhi. Palikuwa pametulia, maji yanapita laini bila hata kiwimbi. Upande wa juu kidogo, hatua thelathini hivi, mto wote ulikuwa povu jeupe, unaruka na kuvuma, ukiutazama tu unasisimka. Mume wangu alishaingiza mguu mmoja pale palipotulia.

"Usiingie hapo!" Dada akapiga kelele. Sijawahi kusikia sauti ile kwake. "Hapo ni shimo! Njooni huku juu, penye povu! Penye povu kuna mwamba, kina ni kifupi!"

Akawa anaonyesha kwa mikono yote miwili. Michoro ya ule mto ameitunza kabatini miaka yote, kila mwamba wa chini anaujua. Kinyozi akatikisa kichwa. Nani aingie kwenye povu lile kwa hiari yake? Na mimi nilitaka kumwambia mume wangu asimsikilize, wapite palipo laini, niliona kwa macho yangu kwamba ndipo pazuri. Mume wangu alisimama akamtazama Dada. Akatoa mguu. Akamshika Kinyozi mkono, wakapanda juu kuelekea kwenye povu.

Jirani alileta kamba ya kufungia kreti. Akafunga ncha moja kwenye mti, nyingine akaitupa, lakini haikufika. Dada akaichukua mkononi mwake. Akaingia mtoni. Yeye, anayeogopa beseni. Aliingia na nguo zake za ofisini, maji yakamfika magotini, mapajani, nilimwona midomo inamwenda, sijui anahesabu au anaomba. Akasimama kwenye mwamba asiouona, akarusha kamba.

Kinyozi akaidaka. Mume wangu nyuma yake aliteleza mara moja akazama mpaka kidevu, na mimi nilisimama tu nikiwa nimeuma ngumi yangu. Halafu kichwa chake kikainuka. Wakavutana, hatua moja, hatua nyingine, mpaka Jirani akawashika mmoja mmoja kwenye kola akawatupa nyasini. Tulipogeuka kutazama nyuma, mchanga haukuwapo tena.

Nilimkumbatia mume wangu nikamlowesha zaidi kwa machozi. Alikuwa wa baridi kama kitu kilichotoka kwenye moja ya zile friji zake. Baada ya muda akanisogeza pembeni. Hofu ilikuwa imeanza kumtoka na hasira inaingia mahali pake. Akamtazama Dada, aliyekuwa amekaa chini anakamua gauni.

"Shemeji. Ulisema mto huu umetulia. Tungekufa leo. Hukuona hata dalili moja ya kutuonya? Hata neno moja?"

Dada aliinua macho akaniangalia, si kwa hasira, ingekuwa afadhali. Aliniangalia kama anavyoiangalia tarakimu asiyoielewa. Kisha akaielewa.

"Nilipaswa kusema msivuke," akasema. "Nilisahau. Nisamehe, shemeji."

Nami nikanyamaza.

Ile nyumba ya vyumba vitatu alipewa mtu mwingine. Kinyozi ana midomo, na kiti chake hakikai bila mteja. Wiki haikuisha mtaa mzima ulikuwa na habari jinsi Mama Mito alivyotaka kuwaua watu wawili kwa penseli. Wakamtania akipita: mama, leo tuoge mto gani? Alhamisi zikawa tupu. Ofisini nako alipewa barua ya onyo, kwa sababu mbele ya zile tarakimu aliandika kwa mkono wake mwenyewe "hazikusomwa" akatia sahihi, akakiri kwamba alizipokea hivyo hivyo. Mzee alipelekwa hospitali, jirani yake akasoma ubao mpaka mguu ukapona. Mimi Dada hakuniuliza kitu. Siku moja tu, tukipepeta mchele kwake, nilifungua kinywa nikasema, "Dada, siku ile..." Akasema, "Wewe una ndoa ya kuitunza. Pepeta." Nikashukuru moyoni, ndiyo, nikashukuru. Mwaka mzima niliishi hivyo.

Mume wangu hakuacha kuvua. Alianza kuchagua mwenyewe, kwa kutazama mawingu na kusikiliza porojo za kwenye kiti cha Kinyozi. Kila Jumamosi aliyotoka nilikaa roho mkononi mpaka nisikie pikipiki. Niliiba habari: nilikwenda kwa Dada kisirisiri, akaniambia mto gani unapanda, lakini ningemfikishiaje? Nikitaja jina la Dada alikuwa anasema, "Huyo asinichagulie hata rangi ya soksi."

Jumamosi hii iliyopita asubuhi alikuwa anajaza kopo la minyoo. Wanakwenda Mto wa Matete, akasema, ule wa upande wa machimbo. Ijumaa mchana Dada alikuwa ameniambia: Matete umepanda sentimita sitini kwa siku moja, na safari hii msomaji ameteremka mwenyewe, kasoma mara mbili. Nikamwambia mume wangu asiende. Akauliza kwa nini. Nikasema tu asiende, naota vibaya. Akacheka, akaning'iniza kapu begani.

Nikasimama mlangoni nikaushika mwimo kwa mikono miwili.

"Dada hakusahau," nikasema. "Mwaka jana aliniambia niwaambie msivuke. Aliniambia mara mbili. Mimi ndiye sikukwambia, kwa sababu nilitaka uwahi ile nyumba. Na uliporudi na roho yako nikamwachia yeye abebe lawama. Sasa anasema Matete unapanda."

Nilijua hapa ama ninapigwa ama ninaachwa. Hakufanya hata kimoja. Aliweka kapu chini, akanitoa mlangoni kwa mkono, bila nguvu, akaenda kwa Dada kwa miguu. Alikaa huko mpaka mchana. Waliyoongea sijui, na sitauliza.

Leo siku ya tatu hajanisemesha. Chakula anakula, sahani anaosha mwenyewe. Hapa ninapokusimulia yuko nje kibarazani, ananipa mgongo, anafungua mota ya friji ya mtu na kuzipigisha spana zake kelele kuliko inavyohitajika. Anune tu. Anune mwaka mzima akitaka. Nasikia kila spana anayoiangusha.